Posta, Kariakoo au Mji Mkongwe: pa kuanzia ukijifunza kupiga picha za majengo na watu

Anayetaka kujifunza kupiga picha za mjini huanza kwa kuuliza habari ya kamera: achukue Canon au Sony, atafute ya mkono wa pili au aendelee na simu aliyonayo. Mimi humrudishia swali jingine: utapigia wapi? Kamera utabadilisha. Mtaa wa kwanza ndio unaokujengea mazoea, na mazoea hayabadilishwi kwa kwenda dukani. Aliyekulia kwenye majengo matupu huogopa kumkaribia mtu hata akiwa na lenzi ya gharama. Aliyekulia sokoni huongea na kila mtu, ila picha zake zimelala upande na nguzo za umeme zimeota vichwani mwa watu.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam uchaguzi ni wa sehemu tatu: Posta pamoja na Kivukoni, Kariakoo, na Mji Mkongwe wa Zanzibar ng'ambo ya maji. Zote zina majengo na zina watu, lakini kila moja ina somo lake na gharama yake. Nisizunguke: wengi naona waanzie Posta, wahamie Kariakoo wakishauelewa mwanga, na Mji Mkongwe wauache mwisho. Wapo ambao ushauri huu hauwafai, nitawataja mbele.

Jua la huku

Masomo mengi ya mtandaoni yametengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, nao wanasimulia jua ambalo sisi hatulioni. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima na kuzama vivyo hivyo. Ule mwanga laini wa dhahabu ambao wao huupata kwa saa nzima na zaidi, sisi tunaupata kwa kama nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Jua huchomoza kati ya saa 12 kasoro na saa 12 na dakika 40 kutegemea mwezi. Ikifika saa 3 limeshapanda, na macho ya watu yameshaanza kuzama kivulini. Ukitoka nyumbani saa 2 umeshachelewa, hasa kama unatokea Mbagala au Kibaha.

Jambo la pili ni nadra kusikia likisemwa. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, jua la mchana la Dar huegemea kaskazini. Miezi iliyobaki huegemea kusini. Maana yake jengo linalotazama kaskazini hupata jua la mchana mwezi wa Juni, na Desemba linashinda kivulini. Kama kuna jengo unalipenda na kila ukienda unalikuta limefifia, angalia kalenda kabla hujalaumu lenzi. Na hata Juni, jua la saa 6 mchana linakuwa juu kiasi cha nyuzi 60, kwa hiyo linashuka ukutani kama maji. Mwanga wa namna hiyo unafaa sana kuonyesha nakshi, roshani na vile vizuia jua vya zege vya majengo ya miaka ya 1950 na 1960. Kwa uso wa binadamu haufai, labda awe amevaa kofia na wewe unaitafuta kofia.

Posta na Kivukoni: shule ya mistari

Nenda Jumapili asubuhi. Ofisi zimefungwa, magari machache, na wanaopita ni waumini waliovaa vizuri wakielekea Azania Front au Mtakatifu Joseph. Majengo ya mbele yanaitazama bandari, hivyo jua la asubuhi linayapiga usoni. Jioni utakuta jua liko nyuma ya majengo hayohayo, na utarudi na vivuli.

Kanisa la Azania Front ndilo ningelichagua liwe somo la kwanza. Wamisionari wa Kijerumani walianza kulijenga 1898, lina kuta nyeupe, paa la vigae vyekundu na mnara ulionyooka. Simama karibu, inua simu ili mnara wote uingie. Tazama skrini: mnara umelala nyuma na kuta zinakutana juu kama vile kanisa linataka kuanguka chali. Sasa washa mistari ya gridi, nyoosha simu hadi iwe wima kabisa, isiinamie mbele wala nyuma. Kuta zimesimama, lakini ncha ya mnara imekatika na nusu ya picha ni lami. Vuka barabara, rudi nyuma upande wa bandari, simu ikiwa wima vilevile. Ncha imerudi. Lami bado ipo, utaikata baadaye, au usubiri mtu apite juu yake ili iwe na kazi. Mambo ambayo vitabu vya picha za majengo huyaeleza kwa kurasa nyingi yako katika hatua hizo chache: simu wima, mguu nyuma, mbele pawe na kitu. Zipo lenzi maalumu zinazosogea juu bila kamera kuinama, lakini bei yake inaweza kukununulia pikipiki, na anayeanza hazihitaji.

Kutoka hapo panda hadi Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Sanamu hiyo ya shaba iliwekwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla yake palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Siku hizi imezungukwa na maghorofa, na hapo ndipo unapojifunza kwamba umbali unabadilisha maana. Isogelee ukiwa na lenzi pana, upige kutoka chini: askari ni mkubwa, ghorofa za nyuma ni ndogo na ziko mbali. Kisha rudi nyuma sana na utumie lenzi ya kuvuta: sanamu imebaki ukubwa uleule kwenye picha, lakini maghorofa yamesogea na kumfunika mgongo. Picha hizo mbili zinasema habari mbili za mji mmoja, na tofauti yake ni miguu yako tu.

Halafu kuna mitaa ya nyuma: India, Zanaki, Kisutu, Jamhuri. Huko zimebaki nyumba za wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi za kabla ya Uhuru, duka chini na makazi juu, roshani zenye kona za mviringo, na juu kabisa jina la mwenye nyumba au mwaka wa kujengwa umefinyangwa kwa saruji. Nyingi zimevunjwa kupisha minara ya vioo. Ukipiga moja leo, piga vizuri, uso mzima, mistari imenyooka, hata kama picha inakuchosha kuitazama. Baada ya miaka michache inaweza kuwa ndiyo kumbukumbu iliyobaki. Ukitaka kujua unachokitazama, pita kwenye Boma la Kale karibu na bandari, jengo la zama za Sultani Majid miaka ya 1860, ambamo kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo wa Dar es Salaam, DARCH.

Na watu? Posta ina watu wa kuanzia nao, wale wasiokutazama. Siku za kazi asubuhi, kwenye meza za wauza magazeti, kunakuwa na kundi la wanaume waliosimama mikono nyuma wakisoma vichwa vya habari bila kununua. Wote wameelekeza macho kwenye magazeti. Unaweza kupanga, kusogea, kusubiri mmoja acheke. Hakuna mahali pengine mjini ambapo mwoga atapata watu wengi hivyo waliotulia.

Gharama ya Posta ni walinzi. Ikulu, bandari, kambi, vituo vya polisi, balozi, benki na baadhi ya wizara: usielekeze kamera huko. Sheria inakataza kupiga picha maeneo yanayolindwa kwa usalama wa nchi, na mlinzi hatakupa nafasi ya kueleza kwamba ulikuwa unavutiwa na kivuli. Akikuita, shusha kamera, msalimie, mwonyeshe ulichopiga, futa akitaka ufute. Ukianza kubishana umeharibu asubuhi yako na ya atakayekuja baada yako. Na droni usiitoe kabisa bila vibali; Mamlaka ya Usafiri wa Anga haina utani na hilo.

Kariakoo: shule ya watu

Kariakoo hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Ukirudi hatua mbili umegongana na guta. Hilo peke yake linakufundisha kupiga kwa karibu, upende usipende.

Mwanga wake ni mzuri kuliko sifa yake. Nyumba za Kiswahili za zamani zimetoweka karibu zote, mahali pake yamesimama maghorofa, na mitaa imegeuka mifereji mirefu ya kivuli. Mchana, jua likipiga ukuta wa upande mmoja juu kabisa, ule ukuta unarudisha mwanga laini chini upande wa pili. Mtu aliyesimama mlangoni mwa duka, nusu ndani nusu nje, anaangazwa kama yuko studio. Kwa hiyo saa 5 hadi saa 8, wakati nyuso za watu Posta hazipigiki, Kariakoo zinapigika. Tafuta ukuta unaong'aa kwanza, kisha geuka uone unamwangazia nani.

Shida ni kuaminika. Mwenye duka akimwona mtu anapiga picha bidhaa zake bila kusema neno, hawazi sanaa. Anawaza TRA, yaani watu wa kodi, au mtu wa jiji, au mshindani anayekusanya bei. Mei 2023 wafanyabiashara wa soko hilo walifunga maduka kwa mgogoro wa kodi, na hisia zile hazijaisha. Ndiyo maana nasema Kariakoo unaingia kwa mdomo kwanza. Mfano wa mzee muuza kahawa, birika lake la shaba juu ya makaa:

— Shikamoo mzee.

— Marahaba. Kahawa au picha?

— Kahawa kwanza, mzee wangu. Picha nitaomba baadaye.

— Wewe una adabu. Wenzako wanapiga halafu wanakimbia kama wameiba.

Unakunywa. Vikombe vinagonganishwa, wateja wanakuja na kuondoka, na kamera iko shingoni ikionekana na kila mtu. Watu wakishaizoea ndipo unainyanyua. Picha ya kwanza mzee atajinyoosha, atakaza uso kama wa pasipoti; ipige, ni yake, ataitaka. Ile unayoitafuta inakuja baada ya hapo, akishamgeukia mteja anayefuata na mkono umeinua birika. Pesa sitoi na sishauri utoe, maana ukilipa mmoja umepanga bei ya mtaa mzima. Nunua anachouza. Kisha rudi wiki inayofuata na picha iliyosafishwa kwenye karatasi, si ya kutumiwa WhatsApp tu. Kipande kile cha karatasi kinabandikwa, kinaonyeshwa kwa jirani, na siku hiyo unaitwa na watu ambao wiki iliyopita walikugeuzia mgongo.

Kwa wanaotembea, wapagazi wenye mizigo kichwani, bodaboda, mama lishe anayekatiza na sahani, kamera iwe tayari kabla hawajafika. Kasi ya shata 1/500, tundu la lenzi f/5.6 au f/8, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe. Chagua mandhari ya nyuma iliyo safi, mlango wa bati wa rangi moja au kivuli kizito, simama, waache watu waingie wenyewe. Anayemfukuza mtu na kamera mtaa wa Kongo atapata visogo tu.

Majengo hayakosi. Jengo la Soko Kuu, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kukamilika miaka ya katikati ya 1970, lina paa la zege la miavuli iliyogeuzwa, iliyokusudiwa kukusanya maji ya mvua. Moto uliliunguza Julai 2021, kukafuata ukarabati na upanuzi. Kulipiga kunahitaji upande juu: omba ruhusa kwenye ghorofa la jirani, kwa mlinzi au msimamizi, na uende na mtu anayejulikana hapo.

Usalama usipuuzwe. Simu ishikwe kwa mikono miwili na kamba iwe mkononi. Wanaonyakua wapo, na wengine wana pikipiki. Begi lisiwe mgongoni. Wiki za kuelekea Krismasi na Idi usiende kujifunza, msongamano hauruhusu hata kuinua kiwiko. Na kama unataka mtaa mmoja kwa miezi, pita ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Haichukui muda, na siku ya kuulizwa wewe ni nani utakuwa na jina la kutaja.

Mji Mkongwe: shule inayokusifia

Hapa ndipo wengi watanipinga. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kila kona ina mlango wa nakshi, kila ukuta una chokaa iliyochubuka kwa rangi tatu. Ukishuka kwenye boti na simu ya kawaida utarudi na picha nzuri. Tatizo ni hilohilo. Picha ni nzuri kwa sababu mlango ni mzuri, aliyeuchonga alishafanya kazi yote, na wewe hujui ulichangia nini. Mwanafunzi aliyeanzia huko hurudi Dar, akasimama Buguruni, akasema hapana cha kupiga.

Kwa aliyeiva kidogo, hata hivyo, huko kuna masomo mawili ambayo Posta na Kariakoo hazitoi kwa wepesi.

Moja ni ukuta mweupe na uso mweusi. Kamera imeundwa kudhani kwamba mandhari yoyote, kwa wastani, ni ya kijivu. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa wenye jua: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, ukuta unatoka wa kijivu na uso wa mtu unakuwa kiza chenye meno. Kwenye simu, gusa uso uliopo kwenye skrini, shikilia hadi alama ya jua itokee, ipandishe taratibu mpaka uone ngozi, si umbo tu. Kwenye kamera ongeza mwanga kwa nafasi moja, yaani +1, wakati mwingine zaidi. Ukuta utaungua kidogo, acha uungue. Au, bora zaidi, mwombe aingie uchochoroni, jua libaki ukuta wa juu. Chokaa iliyo juu itamwagia mwanga uso mzima bila kivuli kikali hata kimoja. Hii ndiyo sababu picha za watu za Mji Mkongwe saa 6 mchana zinaweza kuwa bora kuliko za magharibi pale Forodhani, ambako kila mgeni amepanga foleni kupiga vijana wanaoruka majini.

La pili ni kusubiri. Chagua mlango. Ipo milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, ya mtindo wa Kiarabu, na ipo yenye tao juu ambayo mkono wa India umeonekana zaidi. Simama ng'ambo, panga picha kana kwamba mtu hayupo, weka fokasi kwenye kizingiti, kisha kaa barazani usubiri. Atapita mtoto na mkate, mzee na baiskeli, mwanafunzi wa madrasa na juzuu kifuani. Wengi hawatafaa. Mmoja hatua yake itaangukia pale nuru ilipo. Majengo na watu, ulivyokuwa umevisoma mbalimbali, vinakutana katika fremu moja.

Watu wa Mji Mkongwe wamechoshwa na kamera, na wana haki. Anayetoka bara akidhani kwamba Kiswahili chake ni pasi ya kuingia kila mahali atashangaa. Salamu ije kabla ya yote, mavazi yawe ya heshima, na mwanamke aliyevaa buibui usimpige bila ridhaa yake, hata kwa mgongo. Wakati wa sala, milango ya misikiti na wanaotawadha si mandhari yako. Mtoto ana mzazi, muulize. Upande wa faida, unaweza kukaa kwenye baraza ya kahawa na kufuata mazungumzo ya siasa na mpira, jambo ambalo mtalii hawezi. Ukikaa vya kutosha kamera husahauliwa.

Kuhusu majengo yake, kumbuka Beit al-Ajaib. Sultani Barghash aliijenga 1883, na Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka. Wengi walikuwa na picha zao wenyewe wakitabasamu mbele yake. Wachache walikuwa na picha ya nguzo moja, ya dari, ya ngazi. Kama utatumia nauli ya boti na kulala gesti, tumia saa moja kwa ajili ya hizo za pili. Na tafuta picha za Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930: uone mitaa hiyohiyo ilivyopigwa na mtu aliyeishi humo, bila haraka ya kurudi na boti ya jioni.

Simu au kamera, kwa kila mahali

Kwa Posta simu inatosha kabisa, mradi usitumie ile lenzi pana kupita kiasi, ambayo huvuta kingo za picha na kumfanya aliyesimama pembeni aonekane ana kichwa cha papai. Lenzi kuu ya simu nyingi ni sawa na milimita 24 hadi 26; namba ikiwa ndogo lenzi inaona kwa upana, ikiwa kubwa inavuta. Kwa majengo inafaa. Kwa uso wa mtu ni pana mno. Ukimsogelea ajae, pua inatangulia. Tumia 2x, rudi hatua moja.

Kwa Kariakoo simu haishtui watu ila inatamaniwa. Kamera haifichiki ila inatangaza nia yako wazi, na mimi naiona hiyo kuwa faida. Wauzaji humshauri kila anayeanza anunue lenzi ya 50mm f/1.8 kwa sababu ni nafuu na inafifisha nyuma. Kwenye kamera za kawaida zenye sensa ndogo, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea picha, hiyo inakuwa kama milimita 75 au 80, na Kariakoo hupati hata kiwiliwili. Bakia na lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, izungushe hadi karibu 23, ibandike gundi ya karatasi isizunguke. Hapo una takriban milimita 35, upana unaoruhusu mtu na duka lake kukaa pamoja. Ile 50 ipeleke Mji Mkongwe, kwa nyuso na vipande vya milango. Na ukienda kwenye maduka ya mtaa wa Aggrey au Samora kutafuta kamera ya mkono wa pili, piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 kabla ya kulipa. Madoa ya vumbi kwenye sensa yatajitokeza yenyewe.

Nani aanzie wapi

Mwenye haya, asiyejua aanze vipi mazungumzo na mtu asiyemfahamu: Posta, Jumapili, majengo kwanza, kisha wasoma magazeti siku za kazi. Atajua yuko tayari kuhama siku ambayo ataanza kuchukia picha zake kwa kukosa watu.

Aliyezaliwa Kariakoo, Ilala au Magomeni, au mwenye ndugu mwenye duka huko: aanzie hapohapo, asinisikilize. Ana kitu ambacho wengine watakitafuta kwa miaka, yaani ruhusa. Mistari ataijifunza baadaye kwa kutembelea Azania Front asubuhi chache.

Mwanafunzi wa usanifu majengo au uhandisi tayari macho yake yananyooka. Yeye Posta itamdekeza. Aende kwa watu mapema.

Anayetaka kazi, arusi na matangazo, aelewe kwamba mtaani na biasharani ni sheria mbili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake. Picha ikienda kwenye bango au ukurasa wa kuuza bidhaa, pata ridhaa kwa maandishi. Kenya wana sheria ya namna hiyo tangu 2019, na mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa Ksh 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

Na anayeishi Zanzibar aanzie kwao bila shaka, lakini mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kwenye maghorofa marefu ya Michenzani yaliyoanza kujengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Zege, nguo zinazoning'inia, watoto wa mpira chini. Mlango wa nakshi hautamsaidia hapo, na ndilo nilitakalo.

Kwa msomaji wa Kenya mpangilio ni uleule kwa majina mengine. Katikati ya Nairobi Jumapili asubuhi ni Posta yako, jengo la mikutano la KICC la mwaka 1973 likiwa somo la mistari. Kwa kiingilio unapandishwa juu kabisa, na hapo mji wote uko chini yako bila kuhitaji droni. Soko la Gikomba ni Kariakoo, likiwa na tahadhari zilezile na zaidi. Mji wa Kale wa Mombasa, nyuma ya Fort Jesus, ndio unaokusifia. Tofauti ni hali ya hewa: Nairobi iko juu, na Julai mawingu yanaweza kukaa asubuhi nzima. Wapiga majengo hununa siku hizo. Wapiga watu hufurahi, kwa kuwa wingu ni kivuli kimoja kikubwa na hakuna wa kumwomba asogee.